Mgonjwa anapotiwa damu: dalili ambazo ndugu aliye kando ya kitanda anapaswa kuzijua

Haya ni mazungumzo ya muuguzi wa idara ya afya kwa wakazi wa Griftu na vijiji vya karibu, Wajir Magharibi. Tunayachapisha kwa faida ya wale ambao hawakuweza kufika.

 

Wengi wenu mmewahi kumsindikiza mgonjwa akatiwa damu. Mmekaa kando ya kitanda mkiutazama mfuko ukidondoka tone baada ya tone. Leo nataka tuzungumze juu ya kile mnachokitazama. Muuguzi ana wodi nzima ya kuangalia, lakini wewe ndugu una mgonjwa mmoja tu. Damu ikianza kumdhuru, huenda wewe ndiye utakayeona kwanza. Kwa hiyo ninawaomba mambo matatu: mtaje majina ya mgonjwa sawasawa, mkae naye macho wazi, na mkiona amebadilika mseme papo hapo.

Damu inaokoa maisha

Nianze na hili ili mtu asitoke hapa na hofu. Mama anayevuja damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufariki katika muda wa saa chache tu. Mtoto hukaukiwa damu kwa malaria baada ya mvua. Mgonjwa wa kala-azar, ugonjwa tunaoujua sana hapa Wajir, huvimba bandama na damu yake ikapungua. Kijana huanguka na pikipiki au lori likapinduka. Hawa wote wanaweza kufikia mahali ambapo dawa peke yake haitoshi, mpaka wapate damu ya mtu mwingine.

Nchi yetu ilijifunza thamani ya damu kwa uchungu. Tarehe 7 Agosti 1998 bomu lililipuka katika ubalozi wa Marekani jijini Nairobi, likaua zaidi ya watu 200 na kujeruhi maelfu. Baada ya hapo Kenya ilianzisha huduma ya damu ya taifa, ili damu ikusanywe, ipimwe na kuhifadhiwa kabla ya maafa kutokea. Na aliyesahau 1998 hajasahau Garissa, tarehe 2 Aprili 2015, tulipopoteza watu 148 katika chuo kikuu, na Wakenya wakajitokeza kutoa damu kwa majeruhi.

Wengi wanaotiwa damu hawapati shida yoyote. Wachache hupata shida ndogo, na wachache zaidi hupata shida kubwa. Lakini hiyo kubwa huja haraka, na ikitambuliwa mapema mara nyingi mgonjwa anaokolewa. Kwa hiyo msikatae damu. Ikubalini, na mkae mkiangalia.

Kwa nini damu ya mtu mwingine huweza kudhuru

Mwaka 1901 daktari mmoja wa Vienna, Karl Landsteiner, alieleza kwamba damu za watu si za namna moja. Leo tunayajua makundi manne: A, B, AB na O. Mwili una askari wake wa kuulinda. Mtu wa kundi O akitiwa damu ya kundi A, askari hao wanaivamia kama adui. Chembe za damu ile ngeni zinapasuka ndani ya mishipa. Presha inashuka, figo zinaumia, na mgonjwa anaweza kuanza kuvuja damu kwa sababu damu yake imeshindwa kuganda. Si lazima mfuko wote uingie. Mililita chache zinatosha kuanzisha balaa hilo.

Kuna watu husema, "Huyu ni ndugu yangu wa baba na mama, damu yetu ni moja." Kwa ukoo ni kweli. Katika maabara si lazima iwe hivyo, kwani watoto wa tumbo moja wanaweza kuwa na makundi tofauti. Ndiyo maana hata ukitoa damu kwa ajili ya ndugu yako, lazima ipimwe kundi, na tone lake lichanganywe na damu ya mgonjwa ili kuona kama zinapatana. Tukikuambia usubiri maabara, usidhani tunachelewesha. Kipimo hicho kinamlinda mgonjwa wako.

Taja majina matatu

Sasa sikilizeni vizuri. Duniani kote, mtu anapotiwa damu isiyo ya kundi lake, mara nyingi sababu ni kuchanganya watu: chupa ya damu ya huyu imeandikwa jina la yule, au mfuko wa yule umepelekwa kitanda cha huyu.

Fikirieni majina yetu. Katika wodi moja ya akina mama mnaweza kumkuta Halima Abdi kitanda cha pili na Halima Abdi mwingine kitanda cha sita. Mohamed Hassan ni wangapi katika Griftu hii? Tena sisi tuna majina ya utani. Mzee anajulikana kijiji kizima kwa jina la utani, na mtoto wa ndugu yake akifika hospitalini anatoa hilo hilo kwa karani. Kesho yake anakuja ndugu mwingine, anatoa jina la kitambulisho. Karatasi mbili, majina mawili, mgonjwa mmoja. Hapo ndipo hatari inapoingia.

Kwa hiyo toeni majina matatu: lake, la baba, la babu, kama yalivyo kwenye kitambulisho, na yawe yale yale kila mara. Shikeni nambari ya hospitali aliyopewa. Muuguzi anapotaka kuchukua damu ya kupima, na tena anapoleta mfuko, atauliza, "Jina lako nani?" Mgonjwa ajibu mwenyewe kama anaweza. Asipoweza, wewe ndugu ujibu. Akiulizwa, "Wewe ni Halima?" asiishie kusema ndiyo. Ataje yote matatu. Mtu mgonjwa, mwenye homa, asiyeelewa lugha ya muuguzi, huitikia jina lolote.

Na muuguzi akikuuliza jina lile lile mara ya tatu, usikasirike kwamba hakujui. Anafanya kazi yake vizuri.

Pia mwambieni kama mgonjwa aliwahi kutiwa damu zamani, kama ilimletea shida, na kwa mama, amebeba mimba ngapi. Aliyetiwa damu zamani, au aliyebeba mimba, anaweza kuwa na askari wa mwili waliokwisha kuzoea kupigana na damu ngeni.

Dakika 15 za kwanza

Kabla ya damu kuanza, muuguzi hupima joto, mapigo ya moyo, pumzi na presha. Damu huanzishwa polepole. Baada ya dakika 15 hupima tena, kisha huendelea kupima mpaka damu iishe na hata baadaye. Dakika hizo 15 ndizo zenye thamani kuliko zote, maana shida kubwa mara nyingi hujitokeza hapo. Usiende kununua chai wakati huo, wala usitoke kupiga simu. Kaa na mgonjwa wako.

Mchungaji mzuri humtambua ngamia mgonjwa kabla hajalala chini, kwa sababu anajua alivyokuwa jana. Nawe mtazame mgonjwa wako kabla ya damu kuanza: anavyopumua, anavyozungumza, ngozi yake ilivyo. Kisha angalia kitakachobadilika.

Dalili za kuita msaada mara moja ni hizi:

Kutetemeka kwa baridi, au homa ambayo hakuwa nayo.

Maumivu ya mgongo, kiuno au kifua, au moto mahali sindano ilipoingia.

Kupumua kwa shida, kukohoa, au kushindwa kulala chali.

Kuwashwa, vipele, au kuvimba midomo, macho na uso.

Mkojo mwekundu, au mweusi kama chai isiyo na maziwa.

Moyo kwenda mbio, jasho la baridi, kizunguzungu, kutapika.

Wasiwasi mkubwa wa ghafla. Mgonjwa akisema, "Najisikia vibaya, kuna jambo si sawa," usimwambie anyamaze. Mara nyingine hiyo ndiyo dalili ya kwanza.

Kuna wauguzi hapa wasiojua Kisomali, na kuna wagonjwa wasiojua Kiswahili. Wewe uwe daraja. Qandho mwambie ni homa. Qarqaryo ni kutetemeka. Cuncun ni kuwashwa. Neef ni pumzi, dhabar ni mgongo, kaadi ni mkojo. Bibi akilalamika kwa lugha yake, usingoje daktari apite. Chukua neno lake umpelekee muuguzi.

Wapo wasioweza kusema lolote: mtoto mchanga, aliyezimia, aliyetoka kufanyiwa upasuaji akiwa bado usingizini. Hao hawatakuambia mgongo unauma. Kwao tazama pumzi, rangi ya midomo, vipele, mkojo, na kama damu inatoka mahali isipopaswa, kwa mfano kwenye kidonda au tundu la sindano.

La kufanya, na la kutofanya

Ukiona dalili hata moja, mwite muuguzi kwa sauti. Mwambie hivi: "Mgonjwa amebadilika tangu damu ianze." Maneno hayo atayaelewa upesi. Kama yuko mbali, mtu mmoja amfuate na mwingine abaki kitandani. Kama ana kazi nyingine mkononi, mwite aliye karibu zaidi. Msione haya. Ni afadhali tuje mara kumi na kukuta mgonjwa ni mzima, kuliko tuitwe mara moja tukiwa tumechelewa.

Usiing'oe sindano. Ninajua mtu akiona mama yake anatetemeka, mkono wake wa kwanza huenda kwenye mrija. Lakini njia ile ya mshipa ndiyo tutakayopitishia dawa ya kumwokoa, na presha ikishashuka kupata mshipa mwingine ni kazi ngumu.

Muuguzi akifika, jambo la kwanza ni kusimamisha damu. Atabadilisha mrija na kuweka maji ya chumvi ili mshipa ubaki wazi. Atamwita daktari au tabibu. Atalinganisha tena majina ya mgonjwa na yaliyoandikwa kwenye mfuko. Atachukua damu na mkojo wa mgonjwa kwa maabara, na mfuko wenyewe utarudi maabara pamoja na mrija wake. Kwa hiyo usiutupe mfuko, hata kama una tone moja, na usimwage mkojo wa mgonjwa kabla haujaonwa.

Usimpe mgonjwa kidonge chochote kutoka mfukoni, hata cha kutuliza homa. Ukiituliza homa kabla hatujaiona, umetufichia dalili.

Dalili nyingine hutibika kwa urahisi. Vipele vichache na kuwashwa, bila shida ya pumzi, huweza kutulia kwa dawa na damu ikaendelea. Lakini uamuzi huo ni wa daktari, wala si wetu sisi tuliokaa kando ya kitanda.

Usiongeze kasi, usiupashe mfuko moto

Wakati mwingine gari la kurudi nyumbani linangoja nje, na ndugu anataka damu iishe haraka. Yule kijana anayekishika kile kigurudumu kidogo cha mrija na kukifungua, anaweza kumuua mgonjwa wake. Damu ikiingia kwa kasi kuliko moyo unavyoweza kuisukuma, maji hujaa kwenye mapafu. Mgonjwa huanza kukohoa, hushindwa kulala, huhema kama aliyekimbia. Walio hatarini zaidi ni wazee, watoto wadogo, wenye ugonjwa wa moyo au figo, na wale ambao damu yao ilipungua polepole kwa miezi mingi. Shida ya mapafu huweza kutokea pia saa kadhaa baada ya damu kuisha, kwa hiyo msimwondoe mgonjwa hospitalini kwa kuwa tu mfuko umekwisha.

Kwa upande mwingine, damu haipaswi kukaa sana nje ya friji. Huhifadhiwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 6. Ikitolewa, inapaswa kuanzishwa ndani ya dakika 30, na mfuko mmoja usizidi saa 4. Kwa joto letu la Wajir, vijidudu vikiwa vimeingia ndani ya mfuko huzaliana haraka, na damu ya namna hiyo humletea mgonjwa homa kali na presha kushuka. Kwa sababu hiyo, msiuweke mfuko juani, msiutumbukize kwenye maji ya moto, wala msiukumbatie ili upoe baridi. Na mkiona mfuko unavuja, una mabonge, au rangi yake si ya kawaida, mwambieni muuguzi kabla haujaunganishwa.

Mtoto hamalizi mfuko

Akina mama huniuliza, "Mbona mmemtilia mwanangu nusu, nyingine mkaitupa?" Mfuko wa mtu mzima ni karibu mililita 450. Mtoto wa kilo 10 huhitaji mililita 200 hadi 300 hivi za damu nzima, na daktari ndiye anayeamua. Utafiti mkubwa uliofanywa Uganda na Malawi kwa watoto zaidi ya 3,000 waliopungukiwa sana na damu, ukachapishwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba watoto wasio na homa walinufaika na kiasi kikubwa zaidi, lakini wenye homa walifanya vyema zaidi kwa kiasi kidogo. Kwa hiyo kipimo cha joto la mtoto kabla ya damu kina kazi yake, na nusu iliyobaki kwenye mfuko haikunyimwa mtoto wako kwa ubahili.

Mkirudi malishoni

Kuna shida moja inayotuhusu sana sisi wafugaji. Mgonjwa anatiwa damu, anapata nafuu, anaruhusiwa, na familia inahama kufuata maji na malisho. Baada ya wiki moja anaanza homa. Macho yanakuwa ya manjano. Mkojo unakuwa mweusi. Anachoka na kupauka kama alivyokuwa kabla ya hospitali.

Hiyo inaweza kuwa ni damu aliyotiwa ikipasuka taratibu. Hutokea kati ya siku 3 na 14 hivi, na hasa kwa aliyewahi kutiwa damu au kubeba mimba. Ninajua kwetu macho yakiwa ya manjano mawazo ya wengi huenda kwenye kuchomwa moto. Ninawaomba kwa heshima, wazee wangu: aliyetiwa damu juzi na leo amekuwa wa manjano, msimchome. Mrudisheni hospitali iliyo karibu, hata kama siyo ile aliyotibiwa, na jambo la kwanza la kusema liwe hili: "Alitiwa damu, siku fulani." Chukueni karatasi yake ya kuruhusiwa na muitunze pamoja na vitambulisho. Asiyejua kusoma, amwonyeshe mhudumu wa afya ya jamii aandike tarehe. Tarehe hiyo inaweza kumwokoa.

Anayetoa damu aseme ukweli

Kila damu inayotolewa hupimwa virusi vya ukimwi, homa ya ini ya B na C, na kaswende. Lakini maambukizi mapya kabisa huweza kuchelewa kuonekana kwenye kipimo, na malaria pia huweza kupita kwenye damu. Kwa hiyo kinga ya kwanza ni mtoaji mwenyewe. Anayeulizwa maswali ajibu kweli: kama ana homa, kama anatumia dawa, kama aliugua manjano.

Na ninyi familia, msimlazimishe mtu. Kijana anayesukumwa mbele ya wajomba zake wote atoe damu, ataona aibu kusema analojua juu ya afya yake. Mwacheni azungumze na muuguzi faraghani, na akikataliwa, msimuulize sababu. Damu iliyo salama zaidi ni ya mtu aliyekuja kwa hiari yake, siku isiyo na dharura.

Ndugu zangu, nimesema mengi, lakini yanabebeka. Taja majina matatu. Kaa naye, hasa dakika 15 za kwanza. Akibadilika, ita, wala usiing'oe sindano wala kuutupa mfuko. Na akirudi nyumbani, mwangalie kwa wiki mbili. Waelezeni waliobaki na mifugo, maana siku mgonjwa atakapoletwa usiku kwa gari, huenda wao ndio watakaokuwa kando ya kitanda.

Sasa tuwe na maswali. Akina mama waanze, kisha wazee.